Kitabu hakina karatasi, mbona bei bado iko juu?

SWALI: Ndugu mhariri, nilitaka kununua riwaya mpya niisome kwenye simu. Nimekuta bei yake imepungua kidogo tu kuliko ya kitabu cha karatasi. Hakuna karatasi, hakuna wino, hakuna usafiri. Tunalipia nini hasa? Rafiki yangu analo faili lake la bure, ananiambia nichukue tu. (Jina tumelihifadhi)

JIBU: Usilichukue, ndugu yangu. Nisikilize kwanza.

Juzi nilikuwa nahariri riwaya. Ukurasa wa 14 shujaa ana kovu kwenye shavu la kushoto. Ukurasa wa 203 kovu limehamia kulia. Ilinibidi nirudi nipekue kila mahali anapotajwa, na siku ikaishia hapo. Kazi hiyo haipungui hata chembe kwa kuwa kitabu kitasomwa kwenye kioo cha simu. Msahihishaji naye yupo, mchoraji wa jalada yupo, na kabla yetu sote kuna aliyekesha miaka akiandika.

Lakini lalamiko lako lina uzito, na mimi nalalamika nawe. Mkataba uliozoeleka kwa wachapishaji wakubwa wa Marekani na Uingereza humpa mwandishi wa kitabu cha kidijitali asilimia 25 ya kile anachopokea mchapishaji, si ya bei unayolipa wewe. Chukua kitabu cha dola 10. Duka likikata asilimia 30, mchapishaji anabaki na dola 7, mwandishi anapata dola 1 na senti 75. Kama ana wakala wa kumtafutia mchapishaji, humo humo inamegwa asilimia 15. Mchapishaji hana tena ghala la kulipia wala shehena ya vitabu vilivyorudishwa na maduka. Nafuu hiyo ilistahili kumfikia mwandishi, na sioni sababu ya kuinyamazia.

Anayejichapishia mwenyewe kwenye duka la mtandaoni la Amazon hupata asilimia 70 ya bei, ila bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99. Akitoka nje ya hapo, ni asilimia 35. Kwa hiyo kitabu cha dola 9.99 humpa karibu dola 7, cha dola 10.99 humpa dola 3.85, na kile cha senti 99 tunachokifurahia sana humwachia senti 35.

Tena mara nyingi unachonunua ni leseni ya kusoma tu: huwezi kukiuza ukishamaliza, wala kumwazima dada yako. Kwa sababu hiyo pekee naona bei ingepaswa kushuka zaidi.

Kama bei imekushinda, tafuta maktaba inayoazimisha vitabu vya kidijitali. Uingereza, tangu 2018, mwandishi aliyejisajili hulipwa kitabu chake cha namna hiyo kinapoazimwa kwenye maktaba za umma. Au angalia kama mwandishi anauza mwenyewe kwenye tovuti yake. Faili la rafiki yako halimpi hata ile dola 1 na senti 75.