Hatulii tangu aanze dawa: msikimbilie kuongeza vidonge

Pole sana dada. Kaka yako kaanza haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, wiki iliyopita, sasa anazunguka sebuleni hadi alfajiri, na shangazi anasema ugonjwa umezidi, aongezewe. Subirini kwanza. Muulizeni mwenyewe: ni sauti zinamsumbua, au miguu ndiyo haimwachi akae? Kama ni miguu, huenda ni dawa yenyewe, na dozi ikiongezwa atazidi kuhangaika. Hata daktari akiambiwa tu "hatulii" anaweza kuongeza, kwa hiyo mwelezeni ilianza lini, mkabebe na vidonge vyote anavyotumia.

Nendeni kesho, Muhimbili au kliniki aliyoanzia, msingoje tarehe ya kwenye kadi. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kumpa propranololi ya kutuliza huko kuhangaika (kama ana pumu semeni mapema, hiyo haitamfaa). Kumkatishia dawa wenyewe nyumbani, hapana. Ila shingo ikipinda, ulimi ukikakamaa, akipata homa na mwili kuwa mgumu, au akianza kusema bora afe, hiyo ni dharura. Chukueni bajaji usiku huohuo.