Mgonjwa yuko kwenye dripu za saratani: atembee au alale?

Mama ana saratani ya matiti na amemaliza mzunguko wa pili wa tibakemikali, yaani dripu za dawa za saratani. Shangazi zangu wanamkataza hata kusimama jikoni, wanasema atunze nguvu. Wako sahihi? (Binti, Tanga)

Mwanangu, shangazi zako wanampenda, lakini hapo wanamdhoofisha. Uchovu wa dawa hizi si kama wa kutoka shamba; mtu analala mchana kutwa na anaamka amechoka vilevile. Misuli isipotumika hunywea haraka, mwisho hata kwenda chooni lazima ashikwe mkono. Mwaka 2022 jumuiya ya madaktari wa saratani ya Marekani, ASCO, ilielekeza kwamba wagonjwa wanaotibiwa kwa lengo la kupona wahimizwe kufanya mazoezi wakiwa bado kwenye matibabu.

Kipimo kinachotajwa sana ni dakika 30 za kutembea, mara 3 kwa wiki. Mama asianzie huko. Aanze na dakika 5 asubuhi, jua halijawa kali, kutoka barazani hadi getini na kurudi, kwa mwendo ambao bado anaweza kupiga soga na wewe. Akipumzika, akae kwenye kiti kigumu, ainuke na kukaa tena mara 5 bila kushika popote akiweza. Siku zile baada ya dripu ambazo mwili unakataa, apunguze, ila asilale moja kwa moja. Kufagia vumbi waachieni wengine; kukunja nguo na kuchambua mchele mwachieni. Naye ni mama mwenye nyumba bado.

Baba miguu inakufa ganzi tangu aanze dawa. Aache kutembea? (Morogoro)

Asiache, ila muuguzi aambiwe kabla ya dripu ijayo, si baada. Dawa kama paclitaxel na oxaliplatin huumiza mishipa ya fahamu, na daktari anaweza kupunguza dozi. Wazee wetu huficha hili wakiogopa kusimamishiwa matibabu. Avae viatu vya kufunga, si kandambili, atembee penye usawa, na jioni mmoja wenu amkague nyayo: ganzi huficha kidonda.

Siku gani mazoezi ni marufuku? (Mwanza)

Joto la mwili likifika nyuzi 38, hakuna mazoezi na hakuna kungoja asubuhi: hospitali saa ileile, hata usiku wa manane. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, mara nyingi hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na maambukizi madogo yanaweza kuua. Msimpe panadol kwanza, itaficha homa. Nunueni kipimajoto, kiganja kwenye paji la uso hakitoshi. Aache mazoezi pia akitokwa na damu, akibanwa kifua, akipata kizunguzungu au akitapika mfululizo. Kama saratani imefika kwenye mifupa, asinyanyue chochote kizito kabla ya kumuuliza daktari.

Namfulia mume wangu. Je, dawa zake zitanidhuru? (Pemba)

Kumkumbatia na kula naye hakuna shida, dada, na anavihitaji. Kwa saa 48 baada ya dripu vaa glavu ukishika matapishi, mkojo au shuka lililochafuka, na ulifue peke yake. Ukiwa mjamzito, kazi hiyo mpe mtu mwingine.