Mada ya tasnifu ya sheria: anza na kifungu

Mwanafunzi wa sheria akiulizwa tasnifu yake inahusu nini, mara nyingi hutaja uwanja mzima: haki za wanawake kumiliki ardhi, sheria za kazi, uhalifu wa mtandaoni. Hizo ni kozi. Tasnifu ya shahada ya kwanza hubeba swali moja, na swali la sheria hukaa ndani ya kifungu. Tafuta kwanza kifungu kinachokusumbua, kichwa cha tasnifu kitafuata.

Chukua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 (kwa namba za toleo la 2019), kinachohusu mgawanyo wa mali za wanandoa. Wengi hukimbilia kuuliza kama kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilishajibu mwaka 1983 katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: ndiyo, ni mchango. Ukiliuliza tena utajaza kurasa kwa kunakili hukumu. Ambacho bado kina utata ni kiwango. Hakimu hutumia vigezo gani kumpa mke mmoja nusu na mwingine theluthi? Hapo pana kazi ya kweli, tena ya maktaba tu, kwa sababu hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani zinasomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Huhitaji nauli wala kibali.

Ukitaka kwenda uwandani, Baraza la Kata ni mfano mzuri. Hadi mwaka 2021 liliweza kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Marekebisho ya mwaka huo yaliliachia usuluhishi tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Swali linajileta: je, hatua hiyo inapunguza mashauri au inamchelewesha mlalamikaji? Chagua kata 2 au 3 za wilaya moja, si mkoa mzima. Barua ya chuo pekee haitoshi. Kwa kawaida hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, ndipo ushuke kwenye kata. Anza kuifuatilia mapema, kwani wengi hukwama hapo, muda wa kukusanya taarifa ukaisha barua ikiwa bado mezani kwa mtu.

Kabla ya kumpelekea msimamizi, kaa jioni moja utafute hukumu zinazogusa kifungu chako. Ukipata 10 hadi 15 zinazotofautiana, una mada. Ukipata 2, huna cha kuchambua, labda kama sheria ni mpya, kama ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hapo utalinganisha na nchi nyingine, na Kenya iko jirani na sheria yake ya mwaka 2019. Zikiwa mamia, kata kwa miaka au kwa ngazi ya mahakama.

Ogopa mada inayotegemea majalada ya polisi au taarifa za wateja wa benki, hata ikiwa tamu kiasi gani. Ogopa pia kichwa chenye jibu tayari, kama “Udhaifu wa Sheria...”, maana umeshahukumu kabla ya kusikiliza.

Jambo linalosahaulika ni toleo. Sheria zilizofanyiwa urekebu (yaani kuchapishwa upya pamoja na marekebisho yake) za mwaka 2023 zilianza kutumika mwaka 2025, na baadhi ya vifungu vimebadilika namba, ilhali hukumu za nyuma zinataja namba za zamani. Andika namba zote mbili tangu pendekezo la utafiti.

Kwa msimamizi peleka ukurasa mmoja: kifungu, swali katika sentensi moja, hukumu 3 zinazopingana, na utakachofanya kibali kikikataliwa.