Maswali ya visu: ala ndiyo nusu ya kisu

Shikamoo mzee. Nataka kisu kizuri cha bei nafuu cha kambi na shamba. Ninunue kipi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Swali hili linaingia kila wiki, na kila wiki muulizaji hasemi anakwenda kukata nini. Kuchuna mbuzi? Kupasua samaki? Kuchonga vigingi vya hema? Kwa asiyejua bado: bapa la sentimita 10 hadi 12, unene wa milimita 2 hadi 3, mgongo mnyoofu, mpini unaojaza kiganja. Ukihitaji kikubwa kuliko hicho unahitaji panga, na panga unalo tayari.

Ukiwa na ndugu Ulaya, mwagize kisu cha Mora, aina inayotengenezwa Sweden, cha mpini wa plastiki. Huko mafundi seremala hukitupa kwenye boksi la misumari bila kukionea huruma. Ukikosa, ingia kwenye mitumba ya vyombo utafute kisu cha bucha kilichonolewa mpaka kikapungua. Aliyekitumia miaka yote hiyo alikuwa na sababu.

Kuna kisu nimekiona mtandaoni: meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kitako, mpini uko wazi ndani, unaweka ndoano na viberiti. Unaonaje?

Hapana. Dira nunua peke yake.

Stenlesi au chuma cha springi? Mimi ni mvuvi, lakini mwezi mzima wa Disemba niko shambani Muheza.

Wewe ndiye uliyeuliza vizuri, kwa hiyo nitakaa kwako kidogo. Baharini chukua stenlesi, basi. Maji ya chumvi hayana urafiki na chuma cha kawaida. Ukikisahau usiku mmoja ndani ya mtumbwi, asubuhi unakuta vidoa vya kutu, na ukiviacha vinachimba.

Shambani hadithi ni nyingine. Chuma cha springi ya gari kilichofuliwa na mhunzi anayejua kazi hunoleka haraka, hata kwa jiwe la mtoni. Kitakuwa cheusi ukikatia embe au ndimu. Usikisugue kwa msasa kila mara ukidhani kinaharibika. Huo weusi si kutu. Kutu ni ile ya rangi ya udongo, inayobaki kidoleni. Kifute, kikauke, kipake mafuta ya nazi kidogo.

Tatizo ni kwamba si kila anayekwambia "hii springi" amewahi kuiona springi. Ukienda kwa wahunzi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, beba tupa ndogo mfukoni. Omba ruhusa, kisha igusishe kwenye makali karibu na mpini. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekomaa. Ikiuma na kutoa unga kwa urahisi, hicho ni chuma cha dirisha kilichochongwa umbo la kisu. Muulize pia mhunzi kama baada ya kukizamisha kwenye mafuta alikirudisha kwenye joto dogo. Akikushangaa, nenda kwa jirani yake. Kisichorudishwa motoni kinakuwa kigumu lakini kinameguka kama biskuti.

Na tafadhali, usimpe kijana wa grenda akunolee. Cheche zile zinapendeza machoni, lakini makali yakishageuka rangi ya buluu ugumu umeondoka, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Nimeona visu vizuri vikiuawa hivyo ndani ya dakika moja, mwenyewe amesimama pembeni anatabasamu.

Ni kweli kisu kisichokuwa na chuma mpaka mwisho wa mpini hakifai?

Kwa anayekigonga kwa gogo ili apasue kuni, ndiyo. Kwa anayekata kwa kisu, chuma kikiingia zaidi ya nusu ya mpini na kikakazwa vizuri, kinatosha. Vya Mora vingi viko hivyo. Kuni zina shoka.

Kisu nimepata, ala sina. Nikizungushie kitambaa? – Dereva, Dodoma

Ala ndiyo nusu ya kisu, na ndiyo nusu ambayo watu hawailipii. Mwaka mmoja nilipanda bodaboda na kisu kipya kiunoni, ndani ya ala ya turubai niliyoishona mwenyewe kwa uvivu. Tukaruka tuta. Ncha ikatoboa turubai na paja langu kwa pamoja. Nyuzi tatu, na suruali ya watu, maana nilikuwa nimeazima.

Nenda kwa fundi viatu. Mwambie hivi: ngozi nene, mikunjo miwili ishonwe upande wa makali, na katikati aweke ukanda wa ngozi, ili makali yagonge ukanda huo yasikate uzi. Mafundi wengi watauacha wasipoambiwa, kwa kuwa viatu havina makali. Kisu kikiingia, theluthi ya mpini nayo izame, na ukikigeuza juu chini kisidondoke.

Lakini ala ya ngozi ni ya kubebea. Nyumbani kisu kitoe, maana ngozi hunyonya unyevu, na dawa za kiwandani za kutengenezea ngozi nyingine zina chumvi zinazokula chuma. Ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, kama ya miwati ya Njombe, ina nafuu kidogo.

Kwa mvua na matope, kipande cha bomba la maji la plastiki kinashinda ngozi. Kilainishe ndani ya mchanga wa moto, kibane kati ya mbao mbili kisu kikiwa ndani kimefungwa karatasi, kiache kipoe, toboa tundu chini maji yatoke. Usikichome kwenye moto wenyewe: ule moshi ni sumu, na wewe utakuwa umeuinamia.

Kisu changu kipya kimekuwa butu baada ya miezi miwili. Nikirudishe dukani?

Umekinoa mara ngapi? Ndivyo nilivyodhani. Nunua kinoo.

Naweza kusafiri nacho kwenye ndege?

Kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege, kikiwa ndani ya ala. Si mkononi. Na kwenye basi pia kiweke ndani ya mzigo. Kisu kiunoni stendi saa kumi na moja alfajiri kitakuletea mazungumzo usiyoyataka.

Mwanangu ana miaka 10, anataka chake. Ni mapema?

Si mapema kama utakaa naye. Mpe kifupi, ncha uiviringe kwa tupa, na kiwe kikali kweli, kwa sababu kisu butu ndicho kinachomfanya mtoto atumie nguvu zote mpaka kikateleza. Akae chini, viwiko juu ya magoti, asukume makali kwenda mbele, mbali na mapaja. Aanze kwa kuchonga mwiko. Utakuwa mbovu, utapinda. Songeeni ugali huo huo.