Ukifika Wuzhen, Lala Hukohuko

Sisi tunaokwenda Yiwu, mji wa masoko ya jumla huko China, kufuata mzigo tuna tabia moja: kontena likichelewa kufungwa, tunajifungia hotelini kuhesabu siku. Safari moja nikakataa. Nikapanda treni kwenda Wuzhen, mji wa kale wa mifereji, mkoa huohuo wa Zhejiang. Unashuka stesheni ya Tongxiang, kisha basi.

Nilikosea tarehe. Ilikuwa 2 Oktoba, wiki ya sikukuu yao ya taifa. Kuvuka daraja moja la mawe kulinichukua karibu nusu saa, na sikuona maji, niliona migongo ya watu. Jioni nikarudi nimenuna.

Mwaka uliofuata nilikwenda Machi, katikati ya wiki, nikalala ndani ya Xizha, upande wa magharibi wa mji. Chumba ni ghali, sikufichi. Lakini usiku wageni wa kutwa wanaondoka, na alfajiri mji unabaki wako. Nilifungua dirisha nikamwona mzee kasimama nyuma ya boti, anasukuma kasia moja taratibu kama anayesonga ugali, maji hata hayapigi kelele.

Usidhani lakini umefika kijijini kwa watu. Xizha ilikarabatiwa na wenyeji wengi wakahamishwa. Ni mji wa kupokea wageni. Ukitaka kuona uzee wa kweli kidogo, pita Dongzha, upande wa mashariki, ilipo nyumba aliyozaliwa mwandishi Mao Dun mwaka 1896.

Kula ni tabu kwetu Waislamu. Kondoo wao wa mchuzi mwekundu ananukia hadi barabarani, ila hupikwa kwa mvinyo. Uliza kabla hujakaa. Alipay, programu yao ya kulipia, iweke kwenye simu ungali nyumbani, pasipoti isitoke mfukoni, na vaa raba, maana mvua ikinyesha yale mawe yanateleza kama sabuni.

Muda wako mwingi upeleke kwenye karakana ya nguo za nili, ile rangi ya buluu. Fundi analaza karatasi iliyotobolewa maua juu ya kitambaa cheupe, anapaka uji mzito wa chokaa na unga wa soya, unakauka, ndipo kitambaa kinazamishwa kwenye pipa la rangi. Mwishoni anaukwangua ule uji kwa kisu, maua meupe yanatokea. Vitambaa vinaanikwa kwenye miti mirefu kuliko nyumba.

Nilinunua mita mbili. Mama alikishika kitambaa, akakigeuza, akaniuliza nimeitoa wapi kaniki yenye maua.