Mtoto akijigaragaza mbele za watu

Mtoto wa miaka miwili akijitupa chini dukani, hakosekani mtu wa kutoa hukumu. Mmoja atasema, "Mpe tu anachotaka, si kidogo tu hicho?" Mwingine atataka achapwe, watoto wa siku hizi wamedekezwa. Wa tatu hasemi kitu, anaguna tu, na mguno huo unauma kuliko maneno ya wale wawili. Nimelea wawili hapa Dar es Salaam, na kwangu kumtuliza mtoto hakujawahi kuwa kazi kubwa kama kuyavumilia macho ya watu. Maamuzi mengi mabaya mzazi huyafanya ili kuwaridhisha watazamaji.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Vilio hivi huanza akiwa na mwaka mmoja na kitu, hupamba moto kati ya miaka miwili na mitatu, na wengi huviacha taratibu wakikaribia minne. Umri huo mtoto anajua anachokitaka lakini maneno ya kukieleza bado hana, na sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia ndiyo kwanza inaanza kukua. Itaendelea kukomaa hadi apite miaka 20. Kwa hiyo kumwambia "nyamaza sasa hivi" ni kumdai asichokuwa nacho. Hana jini, na wala hakudharau. (Bibi yao mzaa baba hajakubaliana nami kuhusu hilo la jini. Tunaheshimiana hivyo hivyo.)

Mkubwa wangu ndiye alikuwa bingwa. Anaanza kwa kukunja mgongo, mwili unakakamaa kama ubao, anateleza mikononi mwako mpaka chini. Jioni moja alilianzisha ndani ya daladala ya Mbagala, watu wamebanana, kisa konda amepokea nauli kutoka mkononi mwangu wakati nilishamwahidi kwamba atatoa yeye. Konda, kijana mstaarabu, akamrudishia sarafu ya mia mbili na kunyoosha mkono upya. Mtoto akaitupa chini ya siti. Mama mmoja akaniambia nimpe nyonyo, na mwanangu alishaacha ziwa siku nyingi.

Ile sarafu inaeleza jambo ambalo wengi hatuligundui. Hasira ikishapanda, hata ukimpa kile kile alichokililia hakimtulizi, maana hapo hakililii tena. Na maneno hayaingii. Nilimshika kiunoni asijigonge kwenye vyuma, nikamwambia, "Umekasirika. Ulitaka kumpa konda mwenyewe." Basi, nikanyamaza. Ukisikiliza vizuri, kilio hubadilika sauti: makelele ya hasira yanapungua, kinabaki kilio cha huzuni chenye kwikwi, na mikono inaanza kukutafuta. Hapo ndipo pa kumkumbatia. Ukiwahi, atakupiga mateke. Kuzungumza juu ya kilichotokea kusubiri hadi awe ametulia na amekunywa maji, na maneno yasizidi mawili matatu.

Kwa watazamaji nina dawa moja tu: salamu. Mzee akianza kuguna, mpe "shikamoo" yenye tabasamu, umwambie, "Atatulia tu, mama, ana usingizi." Ni vigumu mtu aliyeitikia "marahaba" kuendelea kukukunjia uso. Wanaotaka achapwe, washukuru uendelee na kazi yako. Mtoto akichapwa atanyamaza kwa woga, lakini hatakuwa amejifunza kuituliza hasira; atakuwa amejifunza kwamba mwenye hasira hupiga.

Mara nyingi, lakini, kilio cha jioni kimeshapikwa tangu asubuhi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa piga hesabu. Mtoto anayekesha hadi saa nne usiku akimsubiri baba aliyekwama kwenye foleni, kisha akaamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, hata akilala mchana saa mbili nzima hafiki kumi. Huyo ukimvisha kandambili ambazo hakuzichagua, umeyataka mwenyewe. Kwetu tulimwacha baba amkute amelala, wakaonana asubuhi.

Halafu kuna suala la msimamo, na hapa mzazi peke yake hatoshi. Hapana inayogeuka ndiyo baada ya dakika tatu za makelele inamfundisha mtoto kwamba bei ya pipi ni dakika tatu. Kesho atalipa tano. Kwa hiyo nilikaa na dada anayenisaidia nyumbani tukakubaliana mambo machache tu ambayo hayabadiliki, nikamwomba na Mangi wa dukani asimpe mwanangu pipi kwa mkopo wa machozi. Mangi alicheka, ila alishika. Yaliyobaki niliyalegeza kabisa. Akitaka kuvaa gauni la sikukuu kwenda genge, mimi napungukiwa nini?

Kuna watoto wanaolia mpaka pumzi inakata, midomo inakuwa ya bluu, wengine wanazimia sekunde chache. Inatisha mno, ingawa kwa kawaida pumzi hurudi yenyewe. Mlaze ubavu mahali salama. Usimtikise wala kummwagia maji. Ila usiishie hapo, mpeleke akapimwe, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma mwilini unahusishwa na hali hiyo, na unatibika. Mpeleke pia kama anajiumiza kila anapokasirika, kama anapoteza maneno aliyokuwa akiyasema, au kama ameshapita miaka minne na vilio ni vikali kila siku. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Na kama kuna mtu wa pili nyumbani, amrekodi kwa simu wakati wewe unamshika. Daktari akiona mwenyewe ataelewa haraka kuliko ukimsimulia.