Jicho Halibadilishwi Kama Nambari ya Siri

Barua za mwezi huu zimejaa simu, kamera na polisi. Nimechagua nne. Wenyewe wameomba majina yao yasitajwe, nami nimeheshimu. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa karani wa mahakama hapa Nairobi hadi nilipostaafu, kwa hiyo nikiulizwa jambo huanzia kwenye sheria na makaratasi.

SWALI: Mama, hujambo. Mimi ni mtu wa boda, stegi yetu iko Kayole. Mwaka 2023 nilipiga foleni KICC, ule ukumbi wa mikutano wa jijini, nikaangalia ule mpira unaong'aa, nikapata kama elfu saba. Nililipa kodi ya nyumba. Juzi vijana wamekuja stegi na tableti, wanapiga picha uso na kitambulisho, wanatoa mia tano. Wenzangu wanasema macho tulishauza, sasa uso ni nini? Je, macho yangu bado yako kwa wale watu? Na hii mia tano nichukue? (Mtu wa boda, Kayole)

JIBU: Mwanangu, wenzako wasikuvunje moyo. Hukuuza macho, na anayesema hivyo si mimi, ni Mahakama Kuu.

Mradi ule, Worldcoin, uliokuwa ukipiga picha mboni za watu kwa mpira ule na kuwalipa kwa sarafu za kidijitali, ulizinduliwa rasmi Julai 24, 2023. Mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Wiki ile nilipita KICC nikitokea Harambee Avenue. Foleni ilikuwa imezunguka ua mzima. Wengine wameketi chini kwa uchovu, akina dada wana watoto mgongoni, vijana wanaazimana chaja ili simu zisizime kabla zamu hazijafika. Nilimuuliza mama mmoja kama anajua picha ya jicho lake inapelekwa wapi. Akanijibu kwamba anachojua ni bei ya unga. Jibu lile lingali linanichoma, kwa sababu alisema kweli tupu.

Na hapo ndipo mahakama iliposhika. Mei 2025, katika kesi iliyopelekwa na Katiba Institute, shirika la kutetea Katiba, Jaji Roselyne Aburili aliamua kwamba idhini iliyopatikana kwa kuwaahidi watu sarafu za kidijitali haikuwa idhini halali. Akasema pia kwamba tathmini ya athari, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kabla ya mtu kukusanya data nyeti namna ile, haikufanywa ipasavyo. Akaamuru data zifutwe kabisa ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data, yaani mkuu wa ofisi ya umma inayolinda data za watu.

Yako ilifutwa? Usikae ukikisia. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, na cha 40 kinakupa haki ya kudai ifutwe. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa kampuni, taja agizo la Mei 2025, uliza: data yangu ilifutwa tarehe gani? Nakala ipeleke kwa Kamishna wa Data, Britam Tower, Upper Hill, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka dirishani. Barua isiyo na muhuri hupotea upesi, nimeziona zikipotea miaka yote niliyokaa nyuma ya lile dirisha.

Kinachoniuma zaidi ni mwendo wa serikali. Ofisi ya Kamishna ilikuwa imewaambia Worldcoin wasitishe ukusanyaji tangu Mei 2023. Julai, foleni zikajaa katikati ya jiji, umbali mdogo tu kutoka Bungeni. Amri ya kusimamisha ikaja Agosti 2, wakati Wakenya zaidi ya 350,000 wameshasajiliwa. Nambari yako ya siri ya M-Pesa ikivuja, unaibadilisha papo hapo ukiwa umekalia pikipiki. Mboni ya jicho unayo hiyo hiyo hadi kufa. Waliotakiwa kulijua hilo mapema ni wale wanaolipwa mshahara kulijua, si mtu aliyekuwa anatafuta kodi ya nyumba.

Sasa mia tano. Iache. Waulize vijana hao jina la kampuni, cheti chao cha kusajiliwa kwa Kamishna wa Data, na wanaupeleka wapi uso wako. Asiye na karatasi ya kukuachia mkononi hana haki ya kuondoka na sura yako. Uso na kitambulisho vikiwa pamoja ndivyo anavyovitafuta tapeli anayetaka kusajili laini kwa jina la mtu mwingine, na mlango utakaogongwa na polisi utakuwa wako. Waambie na wenzako wa stegi, tena leo.

SWALI: Nina diploma ya IT na nimekaa nyumbani Pipeline tangu nimalize chuo. Nimeitwa kazi ya usiku ya kuchuja maudhui ya mitandao. Hata kabla ya kuniambia nitakuwa nikitazama nini, wamenipa mkataba unaonikataza kumwambia mtu yeyote kuhusu kazi hiyo, hata mzazi. Mama anasema kazi ni kazi. Nitie sahihi? (Msichana wa Pipeline, Embakasi)

JIBU: Binti yangu, mama yako anaijua njaa na siwezi kumpinga kwa hilo. Lakini kabla hujashika kalamu, jua waliokutangulia walipitia nini, maana walipitia hapa hapa Nairobi.

Kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuchuja maudhui ya Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama yale ambayo wewe na mimi hatuyaoni: watu wakiuawa, wakibakwa, watoto wakiteswa, zamu baada ya zamu. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alishtaki Sama na Meta, kampuni yenye Facebook, mwezi Mei 2022. Mwaka 2023 wachujaji zaidi ya 180 wakaenda kortini na kesi yao. Meta ikajibu kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake kwa kuwa haikusajiliwa hapa. Ubishi huo peke yake, kabla hata ya kufika kwenye machungu ya wafanyakazi, ulisukumana hadi Septemba 20, 2024, Mahakama ya Rufaa iliposema kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Desemba mwaka huo ikajulikana kwamba Daktari Ian Kanyanya wa Hospitali Kuu ya Kenyatta amewapima, na zaidi ya 140 kati yao amewakuta na maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe. Hawa ni vijana waliopanda matatu kwenda kazini wakiwa wazima.

Na haikuwa Facebook tu. Sama hiyo hiyo ilifanya kazi ya OpenAI ya kusoma na kuweka alama maandishi ya ukatili, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Gazeti la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Umesoma jibu langu kwa kijana wa Kayole? Mkuu wa OpenAI, yule Sam Altman, ndiye mmoja wa waliotaka na macho yetu. Nairobi tumetoa mboni, tumetoa na usingizi.

Ungetarajia viongozi wetu wasimame upande wenu. Badala yake, mwaka 2024 ulipelekwa Seneti mswada uliotaka madai ya mfanyakazi yaishie kwa kampuni ya hapa inayomwajiri, mteja wa ng'ambo asiguswe. Nauona mswada huo kuwa aibu. Ungewafungia akina Motaung mlango ule ule waliohangaika miaka miwili kuufungua. Ajira za kidijitali nazitaka, tena nyingi, lakini nazitaka zikiwa na mwajiri anayeweza kuitwa mahakamani.

Kuhusu sahihi yako: usitie siku ile ile unayopewa mkataba. Omba kurudi nao nyumbani. Wakikataa usitoke nao, hapo umeshajua unafanya kazi na nani. Wakikubali, taka iandikwe humo utatazama maudhui ya aina gani, kwa saa ngapi mfululizo, na kama kuna mshauri wa kisaikolojia mwenye leseni unayemwona ndani ya saa za kazi bila kukatwa mshahara. Siri za kampuni kuhusu wateja wake zitunze, hiyo ni kawaida. Lakini kipengele kinachokuzuia kumwambia daktari wako, wakili wako au mama yako kwamba unaumia hakistahili sahihi ya mtu yeyote. Wakikiondoa na pesa zikiwa za haki, nenda ukafanye kazi, na ukiona usingizi umekukimbia mtafute daktari mapema, kisha uweke risiti zake.

SWALI: Shemeji yangu alikopa kwenye programu ya simu akachelewa kulipa. Sasa mimi na hata pasta wangu tunapigiwa simu na kutukanwa. Mimi sikukopa hata shilingi. (Mama mboga, Githurai)

JIBU: Dada, hapa mlalamikaji ni wewe, usione haya. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la namna hii hii: kuchukua majina na nambari za watu kutoka kwa wengine na kuwatumia meseji za vitisho. Usiwajibu. Usifute kitu. Piga picha za skrini zinazoonyesha nambari, tarehe na saa, umwombe pasta naye afanye hivyo. Kisha nenda kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Malalamiko yanapokelewa hata kwa mdomo, wao ndio watakaoyaandika, na sheria inawapa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Deni la shemeji ni la shemeji.

SWALI: Mwanangu ni fundi wa kompyuta. Ametengeneza tovuti ya kuwasaidia watu kutuma maoni Bungeni. Baba yake ametaka aifute kabla hajatuletea polisi nyumbani. Nimebaki katikati. Je, ni kosa? (Mzazi, Buruburu)

JIBU: Dada yangu, si kosa. Katiba, kifungu cha 118, inalitaka Bunge lenyewe liwashirikishe wananchi. Mtoto wako anawarahisishia watu jambo ambalo Bunge limeamriwa kulifanya.

Lakini hofu ya baba yake ina msingi, na nitakueleza kwa nini. Ijumaa, Mei 30, 2025, polisi walimkamata Rose Njeri, mtengenezaji programu na mama wa watoto wawili. Alikuwa ametengeneza ukurasa ambao mtu akibonyeza kitufe, barua pepe ya kupinga Mswada wa Fedha inamfikia karani wa Bunge la Taifa. Akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta, chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018. Juni 20 hakimu akaitupilia mbali hati ya mashtaka kwa sababu haikuonyesha kosa lolote.

Pima mwendo huo na ule wa KICC. Kampuni ya kigeni ilikusanya mboni za watu laki tatu na nusu, na sikusikia mtu wake akilala korokoroni. Mama mmoja akaunda kitufe cha kutuma maoni, akalala ndani siku nne. Mwezi huo huo, Juni 25, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na siku hiyo hiyo NTV na KTN zikazimwa, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Nguvu za kwenda haraka zipo. Tatizo ni zinaelekezwa kwa nani, na mimi nakataa kuzoea hali ambapo zinaelekezwa kwa watoto wetu.

Oktoba 15, 2025, sheria hiyo ya mitandao ikafanyiwa marekebisho na kuongezewa makali. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kifungu cha 27, kile cha kuwasumbua watu mtandaoni, chenye faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10. Kwa hiyo asifute tovuti. Aandike juu yake wazi kwamba ni ya maoni ya umma kuhusu mswada fulani, aweke anwani ambazo Bunge lenyewe limezitangaza, na asihifadhi majina wala nambari za watu wanaoitumia. Ahifadhi nakala ya kila badiliko analofanya, likiwa na tarehe.

Na kuna jambo moja ambalo makarani wote wa mahakama wanalijua. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, anangoja hadi siku ya korti inayofuata. Sikukuu ya Madaraka ya mwaka 2025 iliangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ikawa sikukuu, na Rose Njeri aliyekamatwa Ijumaa akamwona hakimu Jumanne. Kuwakamata watu Ijumaa ni mchezo wa zamani. Tafuteni wakili sasa, mkiwa mmetulia, si usiku wa kuhangaika. Nambari yake iandikwe kwenye karatasi na kila mtu wa nyumbani awe nayo, kwa sababu simu ya kijana ndiyo kitu cha kwanza kinachochukuliwa. Na kijana mwenyewe ajue kwamba kifungu hicho hicho kinampa haki ya kunyamaza, ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na ya kuzungumza na wakili wake. Baba yake naye asome ukurasa huu kabla hajazungumza naye tena.